Mama ameambiwa pembe za macho zimebana, apigwe leza. Je, leza inasaidia kweli?

BintiPangani (mleta mada)

Habari za jioni ndugu zangu. Naomba mawazo ya waliopitia hili au wenye ujuzi nalo, maana hapa nyumbani tumegawanyika na mimi ndiye ninayesubiriwa niseme neno la mwisho.

Mama yangu ana miaka 61, anaishi Pangani. Alikuja kwangu Tanga mjini kubadilisha miwani yake ya plasi, kwa sababu hata msahafu wa maandishi makubwa ulikuwa umeanza kumshinda. Daktari alimwekea kidevu kwenye ile mashine, akammulika kwa pembeni, akarudia tena na tena, kisha akasema miwani isubiri kwanza. Akamdondoshea dawa ya ganzi, akamwekea kioo kidogo juu ya jicho na kukizungusha taratibu huku anatazama. Majibu: pembe za macho yote mawili zimebana. Presha ya jicho la kulia 18, la kushoto 20. Mshipa wa fahamu wa nyuma ya jicho ni mzima, glakoma, yaani ugonjwa unaoua mshipa huo, kwa sasa hana. Ila ameshauri apigwe leza macho yote mawili, atobolewe tundu dogo kwenye ile sehemu ya rangi ya jicho, na ametuandikia barua ya rufaa.

Mama hataki. Haumwi, anaona, akivaa miwani anatunga uzi kwenye sindano mwenyewe. Anasema, "Jicho langu zima mnakwenda kulitoboa la nini?" Halafu kuna jirani yetu mzee mmoja alipigwa leza miaka ya nyuma, na leo anashikwa mkono kwenda msikitini. Kaka yangu mkubwa yuko upande wa mama, anataka apewe matone tu kama wazee wengine wenye presha ya macho. Mdogo wangu wa Dar anasema tusichezee macho, aende haraka.

Ninachotaka kujua ni hiki. Leza hii inafanya kazi kweli? Ikishapigwa ndiyo imeisha, au ni ya kurudiarudia? Inaweza kumpofua? Na kwa mtu ambaye jicho lake halijaharibika, kuna ulazima gani? Kwenda Moshi au Dar na kulala huko ni gharama. Tutazipata, lakini nataka niwe na hakika kwamba ninamshawishi mama kwenye jambo la maana. Pia ana mafua ya mzio, anameza Piriton mara kwa mara, sijui kama inahusiana. Natanguliza shukrani.

Mkulima_Lushoto

Dada pole. Mimi ningekwambia achana na leza. Asali mbichi ya nyuki wadogo, tone moja kila jicho wakati wa kulala. Bibi yetu ameitumia miaka na anaona mpaka leo.

BibiMachame

BintiPangani mwanangu, pole kwa mashaka. Mimi ni muuguzi wa macho mstaafu, nimefanya kazi hiyo upande wa Kilimanjaro mpaka nilipopumzika. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu nimeona wengi wakipotea kwenye njia panda hii uliyopo wewe.

Kwanza kabisa, asali isiingie kwenye jicho la mama yako. Ndugu wa Lushoto najua ametoa kwa nia njema, lakini nimesafisha macho mengi yenye vidonda kwenye kioo cha jicho kwa sababu ya vitu vya jikoni na majani ya shambani, na kovu la pale halifutiki. Tena shida ya mama ipo ndani ya jicho, tone la asali halifiki huko.

Sehemu ya mbele ya jicho ina maji masafi yanayotengenezwa saa zote. Usiyachanganye na machozi. Yanatengenezwa nyuma ya lile duara la rangi, yanapita kwenye mboni na kutokea mbele, kisha yanachujwa na kutoka kwenye kona inayozunguka jicho lote, pale duara la rangi linapokutana na ukuta wa jicho. Kona hiyo ndiyo pembe anayoisema daktari. Watu wenye jicho fupi, na wengi wao ndio hao wa miwani ya plasi, nafasi yao ya mbele ni finyu tangu asili. Umri ukienda, lenzi ya ndani ya jicho inanenepa na kusogea mbele. Maji yanapata taabu kupita kwenye mboni, yanajaa nyuma, na lile duara la rangi linatuna kuja mbele kama tanga la jahazi lililoshika upepo. Likituna sana linaziba kona. Wewe ni mtu wa Pangani, utanielewa: leza inatoboa tanga, upepo unapita, tanga linalala, kona inafunguka. Ndiyo kazi yake yote, hakuna nyingine.

Kwa hiyo ukiuliza kama leza inasaidia, nami nitakuuliza jicho liko hatua gani. Kuna jicho ambalo pembe imebana tu, presha na mshipa viko salama. Hapo ndipo alipo mama. Kuna jicho ambalo kona imeanza kugandamana au presha imeshapanda, lakini mshipa bado. Na kuna jicho ambalo mshipa umeshaliwa, hiyo sasa ndiyo glakoma yenyewe. Tundu ni lilelile kwa wote watatu, lakini faida inapungua kadiri unavyochelewa. Mshipa ukishakufa haufufuki, hata utoboe matundu kumi. Jirani yenu simjui na siwezi kumsemea, lakini nimeshika mikono ya wazee wengi waliofika kwetu jicho moja limeshazima na la pili limebaki na tundu la kuchungulia. Wanapigwa leza au wanafanyiwa upasuaji ili kuokoa kilichobaki, miaka michache baadaye kinaisha, na mtaani inabaki hadithi kwamba leza ndiyo iliyompofua. Halafu leza za macho ni nyingi. Kuna ya wagonjwa wa kisukari, inapigwa nyuma kabisa ya jicho. Muulize alipigwa ya nini, huenda hata hafanani na mama.

Sasa kwa mtu wa hatua ya mama yako. Kuna utafiti uliofanyika Guangzhou, China, matokeo yakatolewa kwenye jarida la Lancet mwaka 2019. Walichukua watu 889 wa miaka 50 hadi 70, wote pembe zimebana macho yote mawili na ugonjwa bado haujaanza. Kila mmoja akapigwa leza jicho moja, la pili likaachwa. Nauthamini sana utafiti huu kwa sababu damu ni ileile, umri uleule, chakula kilekile, tofauti ni tundu tu. Baada ya miaka 6, macho yaliyoanza kuharibika, yaani presha kupanda au kona kugandamana au kupata shambulio la ghafla (kona inaziba mara moja na presha inaruka), yalikuwa 19 kwa upande uliotobolewa na 36 kwa upande ulioachwa. Wakaendelea kuwafuatilia. Wengine walipotea njiani kama ilivyo kawaida, lakini ilipofika miaka 14 hesabu ilikuwa 33 kwa 105. Shambulio la ghafla lilipata jicho 1 lililotobolewa na macho 5 yaliyoachwa.

Zitazame hizo namba pande zote mbili. Leza inakinga, na kadiri miaka inavyokwenda ndivyo kinga inavyoonekana zaidi. Lakini ona pia kwamba macho mengi sana yaliyoachwa hayakupata kitu. Ndiyo maana watafiti wenyewe hawakusema kila mwenye pembe nyembamba akapangwe foleni ya leza. Daktari wenu amekushaurini vizuri, na mama anayeuliza "la nini?" anauliza swali ambalo hata mabingwa wanaulizana.

Mimi uamuzi wangu huwa nauangalia kwa maisha ya mtu. Wale wa Guangzhou walikuwa wanaitwa na kupimwa na wataalamu mara kwa mara kwa miaka, jicho likianza kubadilika linaonekana mapema. Je, mama atakuja Tanga kupimwa presha na pembe kila baada ya miezi 6, na kipimo cha pembe akipate kila akija? Akiamka saa nane usiku Pangani jicho linapasuka kwa maumivu, atafika kwa daktari wa macho saa ngapi? Na anameza dawa ambayo yenyewe inaweza kuchokoza shambulio. Angekuwa mdogo wangu ningempeleka akatobolewe, tena kabla ya masika. Angekuwa anaishi karibu na kliniki nzuri, hatumii dawa hizo, na ni mtu wa kutunza miadi, ningekubali asubiri huku anapimwa.

Piriton: ndiyo, inahusiana sana. Inaweza kupanua mboni, na mboni ikipanuka kidogo kwa mtu wa pembe finyu ndipo kona inapoweza kuziba. Kundi hilo wamo pia Buscopan ya tumbo, amitriptilini wanayopewa watu wa usingizi na maumivu ya mishipa, na yale matone ya kupanulia mboni kliniki. Mpaka atobolewe, mwombe daktari ambadilishie dawa ya mafua, na popote atakapotibiwa aseme, "Pembe zangu za macho zimebana." Aseme hata kwa daktari wa meno.

Kuhusu matone ambayo kaka anayataka: timololi na wenzake yanapunguza maji yanayotengenezwa, hayafungui kona. Kwa mama ambaye presha yake iko sawa, utampa matone ya kila siku ya maisha yake yote, na kona itabaki imebana vilevile.

Na siku yenyewe ilivyo, mwambie hivi ili asiende na woga. Atadondoshewa pilokapini, dawa ya kubana mboni. Hiyo itamletea kichwa cha kuuma juu ya nyusi na ataona giza kidogo, asishtuke. Kisha ganzi ya matone, hakuna sindano. Atakaa kwenye mashine kama ile ya kupimia, atawekewa kioo chenye ute juu ya jicho, na muuguzi atamshika kichwa kwa nyuma kisirudi. Hiyo ilikuwa kazi yangu. Unasikia mashine inalia tak, kimya, tak. Mgonjwa anahisi kama kibao kidogo ndani ya jicho, wengine hawahisi kitu. Siku moja daktari wetu aliniachia nichungulie kwenye kioo cha pili. Duara la rangi la mtu mweusi ni nene, kama zulia zito la kahawia, linachimbika polepole. Halafu ghafla pakatokea kijivumbi cha kahawia kikifuka kuja mbele pamoja na maji. Daktari akasema, "Limepita." Kivumbi kile ndicho dalili kwamba maji ya nyuma yamepata njia, na hapohapo ukiangalia unaona nafasi ya mbele inaongezeka kina.

Kwa sababu ya unene huo, macho yetu meusi yanahitaji nguvu zaidi kuliko ya Wazungu. Wengine wanapigwa kwanza leza ya agoni kulainisha, kisha ya YAG kumalizia, na wakati mwingine inabidi arudi siku nyingine jicho likitulia. Mkiambiwa mrudi msidhani imeshindikana. Baada ya hapo atasubiri kama saa moja apimwe presha, kwa sababu inaweza kuruka kwa muda, na wanayo dawa ya kuizuia. Nyumbani atatumia matone ya kutuliza uvimbe kwa siku kadhaa. Siku hiyo ataona ukungu. Damu kidogo inaweza kutoka ndani ya jicho na kukauka yenyewe. Kupofuka kwa leza hii ni jambo la nadra mno, na mimi kwenye chumba kile sikuwahi kuliona.

Leza ikishapigwa hamjamalizana na kliniki. Hapo nasisitiza sana. Pembe ipimwe tena kwa kile kioo cha kuzungusha, kwa sababu wapo ambao tundu liko wazi na kona bado imebana, sababu yao ikiwa lenzi nene au jinsi duara la rangi lilivyokaa. Tundu kuziba hutokea, si sana, zaidi wiki za mwanzo. Akitoka hapo salama, angalau mara moja kwa mwaka apimwe presha, pembe na mshipa.

AbuuSalma_Unguja

Assalaam alaykum. Bibi shikamoo, Mungu akuzidishie. Nataka BintiPangani asikie na upande wa waliochelewa.

Mke wangu alikuwa akilalamika jioni jioni, taa anaziona zina miduara ya rangi, na kichwa kinamuuma upande wa jicho la kulia. Akilala, asubuhi hana kitu. Sote tukasema ni uchovu. Usiku mmoja tukiwa tumetoka harusini, jicho likamshika kwa maumivu ambayo alinambia hata uzazi haukufika pale. Akatapika mpaka akabaki na nyongo. Tukakimbilia kituo kimoja cha karibu. Wakampima malaria, wakamtundikia dripu, wakampa dawa ya maumivu, wakasema presha ya damu imepanda kwa sababu ya maumivu. Jicho hakuna aliyelitazama, na yeye mwenyewe alikuwa analia kichwa na kutapika, jicho kalifumba.

Asubuhi likawa jekundu, kioo cha mbele kimefanya ukungu, mboni imepanuka na haigutuki ukiimulika. Tulipofika kwa daktari wa macho presha ya jicho ilikuwa 58. Akapewa vidonge vya Diamox na matone mengi, ukungu ulipopungua ndipo akapigwa leza. Jicho lile sasa anaona kivuli cha mtu akisimama mbele yake, hamjui ni nani.

Lakini nisikilize hapa dada yangu. Daktari alilipima na jicho la kushoto, ambalo halikuwa likiuma hata chembe, akakuta pembe imebana vilevile. Akalipiga leza wiki ileile. Hilo ndilo anasomea, ndilo anapikia, ndilo anahesabia pesa dukani. Halijawahi kupata shambulio. Mama yako leo ana macho mawili ya namna ya lile la kushoto. Natamani mke wangu angekutana na daktari kama wenu kabla ya usiku ule.

BibiMachame

Marahaba mwanangu. Pole sana kwa shemeji, na nakushukuru umeandika. Hayo ya kutapika na kichwa ndiyo yanayowapoteza wengi. Wasomaji wote wa hapa mkumbuke: maumivu ya jicho, wekundu, taa zenye miduara na kutapika kwa pamoja, mtu huyo apelekwe kwa daktari wa macho usiku huohuo, asingoje kuche. Na kwa mtu ambaye jicho moja limeshashambuliwa, la pili halina mjadala tena, litobolewe mapema, maana hatari yake ni kubwa mno.

Omari_Muscat

Mimi nimepigwa leza macho yote mawili huku Muscat, miaka 54. Maumivu kidogo sana. Ninachotaka kuongeza ni kwamba jicho la kushoto nikitazama chini au nikiendesha gari magharibi naona mstari mwembamba mweupe wa mwanga, mlalo. Niliambiwa ni mwanga unaopenya kwenye tundu. Mwanzo ulinisumbua, sasa mara nyingi nausahau. Mama aambiwe mapema asije akadhani jicho limeharibika.

BibiMachame

Omari umesema kweli, mstari huo upo. Huwapata zaidi wale ambao tundu limekaa pale ukingo wa kope la juu unapopita, nusu limefunikwa nusu wazi, na ute wa machozi unaokaa ukingoni unaupinda mwanga. Madaktari wengine huliweka juu kabisa lifunikwe na kope, wengine huliweka pembeni. BintiPangani unaweza kumuuliza daktari atalitoboa wapi na kwa nini, ni swali la haki kabisa.

Njeri_Nakuru

Samahani naomba kuuliza. Mimi nimesoma kwamba huko kwenu Moshi walilinganisha leza na matone, leza ikashinda. Ndiyo hii ya tundu? Baba yangu anatumia timololi na anasahau kila mara.

BibiMachame

Karibu binti wa Nakuru. Hapana, hiyo ni leza nyingine, na watu wengi wanazichanganya. Utafiti ule ulifanyika KCMC, hospitali kubwa ya hapo Moshi, ukachapishwa mwaka 2021, na ulihusu glakoma ya pembe iliyo wazi. Kule leza haitoboi tundu, inapigwa kwenye chujio lenyewe la kona ili maji yapite vizuri. Baada ya mwaka mmoja, macho yaliyofikia lengo la presha yalikuwa asilimia 61 kwa leza na asilimia 31 kwa timololi. Kwa mtu anayesahau matone kama mzee wako ni habari njema, mkamuulizie. Lakini ile inahitaji kona iwe wazi ili ionekane na kupigwa. Huku kwetu glakoma nyingi ni hiyo ya pembe wazi. Utafiti wa Kongwa, Dodoma, uliochapishwa mwaka 2000, ulikuta glakoma kwa watu wapatao 4 kati ya kila 100 wenye miaka 40 na kuendelea, na wale wa pembe iliyoziba hawakufika hata mmoja katika hao 100. Kwa sababu ni wachache, ni rahisi pembe kusahaulika kabisa. Yule daktari wa Tanga aliyechukua muda wake kuweka kioo juu ya jicho la mgonjwa aliyekuja kutafuta miwani amefanya kazi ya kushukuriwa.

BintiPangani

Bibi shikamoo, na wote nawashukuru sana. AbuuSalma, nimemsomea mama maneno yako kwenye simu, akanyamaza, kisha akauliza jina la mke wako amwombee dua. Piriton tumeziondoa, kesho naenda kumuuliza daktari mbadala wake.

Kaka bado anabisha, ila sasa amekuja na jipya. Amesikia kwamba kuna watu wenye shida hii wanatolewa lenzi ya jicho na kuwekewa ya bandia kama wagonjwa wa mtoto wa jicho, na mambo yanaisha. Anauliza kwa nini mama asifanyiwe hiyo mara moja badala ya leza. Bibi unasemaje?

BibiMachame

Marahaba mwanangu. Kaka yako safari hii ameuliza jambo zito na asipuuzwe. Lenzi nene ndiyo inayosukuma kila kitu mbele, kwa hiyo ukiitoa na kuweka ya bandia ambayo ni nyembamba sana, nafasi inafunguka kuliko inavyofunguliwa na tundu. Mwaka 2016 Lancet ilitoa utafiti wa watu 419 wa miaka 50 na kuendelea kutoka hospitali 30 za nchi 5. Nusu walitolewa lenzi ambayo haikuwa na mtoto wa jicho, nusu wakapigwa leza. Baada ya miaka 3, kwa waliotolewa lenzi kama 6 kati ya 10 hawakuhitaji dawa nyingine yoyote ya presha, na kwa wa leza walikuwa kama 2 kati ya 10. Na hali zao za maisha zilikuwa bora.

Lakini mwambie kaka aangalie walikuwa watu gani. Walikuwa ama wameshapata glakoma ya pembe iliyoziba, ama kona imeziba na presha imefika 30 au zaidi. Hawakuwa watu wa 18 na 20 wenye mshipa mzima. Kufungua jicho kwa kisu kuna hatari zake, hasa jicho fupi kama la mama, na kwa hatua aliyopo sioni sababu ya kuanzia huko. Ila muulize daktari swali moja: lenzi ya mama iko wazi, au mtoto wa jicho ameshaanza? Umesema msahafu ulianza kumshinda hata akiwa na miwani. Huenda ni miwani tu imepitwa na wakati, huenda lenzi imeanza kufanya ukungu. Kama mtoto wa jicho yupo na anamsumbua, basi upasuaji wa lenzi unaweza kutibu yote mawili, na leza ikawa ya kumlinda wakati anasubiri au isihitajike kabisa. Kama lenzi ni safi, leza.

Mkienda, chukueni barua ya rufaa, miwani yake ya zamani na dawa zote anazomeza, hata za kienyeji. Kama bima inahitaji kibali, ulizeni kabla ya kupanda basi. Ombeni waandike kwenye kadi presha ya kila jicho kabla na baada, na pembe ilivyoonekana. Mwombe daktari kama inawezekana macho yote mawili yapigwe safari hiyohiyo ili msirudi, wengine hufanya hivyo, wengine hupendelea moja moja. Asiondoke bila tarehe ya kupimwa tena pembe.

Na wewe una umri gani? Hali hii hufuata damu. Wewe, kaka yako na mdogo wako wa Dar, pamoja na mama zenu wadogo na wakubwa, wote mkapimwe pembe, hasa aliyefika miaka 40 au anayevaa plasi. Siku mnayompeleka mama, kaeni na ninyi kwenye kile kiti.

BintiPangani

Nina 38 bibi, na kaka ana 44, naye anavaa plasi. Nimemwonyesha. Amesema atatupeleka Moshi kwa gari lake mwenyewe, tunaondoka Jumapili baada ya alfajiri.